Njia ya Katikati

Mfagizi wa kanisa ana viganja vigumu kama soli ya kiatu, na sauti ya chini inayomlazimu mtu kuinama ndipo amsikie. Kila Jumamosi alasiri hufagia kutoka madhabahuni hadi mlangoni, kisha hupanga viti, akisukuma kila kimoja kwa goti mpaka kikae sawa. Tangu waumini walipogombania karama, wanenao kwa lugha hukaa kulia, wanakwaya na wenzao kushoto, na kila upande humsubiri Roho aukemee upande wa pili. Kila wiki alikuta viti vimesogezwa mbali zaidi, hata njia ya katikati ikatosha kupitisha gari.

Jumapili moja watu waliingia wakakuta viti vimebanana, njia zimebaki pembeni tu. Mzee wa kanisa akamjia mfagizi mbiombio.

“Mama, njia ya katikati iko wapi?”

“Nimeifagia.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Mzee, wewe umejaliwa kuuliza, mimi nimejaliwa kupanga viti. Kaa, ibada inaanza.”

Akakaa. Kiongozi wa kwaya alijikuta bega kwa bega na mama wa maono wa upande wa kulia, na miezi saba hawajasalimiana. Mama wa maono alikuwa amesahau miwani, akawa anaimba kwa kubahatisha. Kiongozi wa kwaya akavumilia ubeti mmoja, wa pili ukamshinda. Akamwinamia, akaanza kumsomea maneno ya wimbo sikioni, mstari kwa mstari. Mfagizi aliwatazama kidogo, kisha akatoka kwenda kusuuza dekio.