Sentensi Moja kwa Kila Sahani

Chaki iliyolowa maji ina harufu, hata kama watu wangu nyumbani wanabisha. Ni harufu ya ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ukanyeshewa mchana, na kwangu mimi imeshikana na harufu ya makaratasi magumu ya majalada ya santuri, na ya spiriti ambayo Baba alitumia kusafishia sindano ya gramafoni yake. Hizo tatu zikikutana puani, ninaangalia mlangoni. Nina wajukuu wawili sasa, na bado naangalia mlangoni. Mjukuu mmoja aliniuliza juzi namngoja nani, nikamwambia simngoji mtu, jambo ambalo si kweli kabisa.

Duka letu la santuri lilikuwa chumba kimoja mjini Eldoret, kwenye barabara ya nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na stoo ya Mzee Hassan. Huyu alikuwa msafirishaji aliyetoka kaskazini akiwa kijana, na malori yake ndiyo yaliyotuletea mzigo kutoka Nairobi kila Alhamisi. Kilichotulisha kilikuwa muziki wa gitaa wa hapa kwetu na nyimbo za Kongo, ambazo zilijiuza zenyewe kwa sababu mtu alizisikia kutoka barabarani akaingia. Lakini moyo wa Baba ulikuwa kwenye kona ya kushoto, penye injili na bluzi, zile nyimbo za majonzi, za Wamarekani weusi. Ujanani alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mwamerika katika shule ya misheni, na mwalimu huyo alipoondoka alimwachia gramafoni na sanduku la sahani za santuri. Baba hakujua Kiingereza kingi. Alisema inatosha kusikiliza mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Wa injili, aliniambia, wanamwambia Mungu, na wa bluzi wanauambia ukuta, lakini shida ni zile zile.

Sahani hizo zilihitaji kutetewa, na Baba alizitetea kwa ubao. Kila Jumamosi, kabla wakulima wa Moiben na Soy hawajafika sokoni, ubao mweusi uliwekwa nje ya mlango ukiwa umegawanywa kwa mstari katikati. Upande mmoja uliandikwa MPYA na upande wa pili ZILIZORUDI, yaani zile za zamani zilizotolewa tena. Kila sahani ilipewa sentensi moja tu. Baba hakuwa na haja ya kuisifu sahani. Alisema inamfaa nani. Bluzi ya gitaa moja: "Hii ni ya mtu ambaye mvua imempita shambani, asikilize peke yake." Injili ya kwaya kubwa: "Hii ni ya nyumba iliyonuniana, wekeni wakati wa chai." Na desturi ilikuwa kwamba mteja ana siku mpaka Jumatano. Sentensi ikimdanganya, anarudisha sahani na kuchukua nyingine bila maneno. Mama mmoja mjane kutoka Soy aliwahi kurudisha sahani nzuri kwa sababu ubao ulisema itamtuliza na badala yake ilimliza siku tatu. Baba alichukua kitambaa, akafuta neno hilo mbele yake, na akamwomba radhi kwa heshima kama mtu aliyemkanyaga mguu.

Mwandishi wa ubao huo nilikuwa mimi. Baba alikuwa ameacha shule mapema, na mwandiko wake ulionekana kama umeandikwa ndani ya gari linalokwenda. Mimi nilikuwa darasa la tano, na mwandiko wangu ulikuwa ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa shuleni. Yeye alisikiliza Ijumaa yote mchana, na jioni baada ya shule alinitajia sentensi moja moja nami nikaandika kwa chaki niliyoichovya majini kidogo ili isipeperuke. Nilijiona mtu mkubwa. Watu wazima walisimama mbele ya herufi zangu wakasoma huku midomo ikicheza, wakaingia dukani wakaomba sahani kwa sentensi yake: "Baba Jerop, nipe ile ya nyumba iliyonuniana."

Ijumaa moja ya msimu wa mvua nilimkuta Baba ametoka kung'olewa jino, taya limevimba, hawezi kusema. Tulisikiliza pamoja. Kwenye ZILIZORUDI kulikuwa na injili ya mama mmoja na binti zake wanne, hawana gitaa wala kinanda, ni makofi na miguu tu juu ya sakafu ya mbao. Sikuelewa maneno, lakini nilisikia kwamba wanamngoja mtu, na kwamba wamengoja mpaka kungoja kumekuwa kazi yao. Ilipokwisha Baba alinielekezea chaki, kisha akaelekeza kifua changu. Andika wewe. Nikaandika: "Hii ni ya waliongoja siku nyingi na hawajachoka. Siku yao iko karibu." Zilikuwa sentensi mbili, na sheria ilikuwa moja, nami nikamwangalia nione kama atakata moja. Alisoma polepole, akatabasamu kwa upande wa mdomo usiouma, akaenda kujilaza.

Msomaji ambaye hakuishi miaka ile atauliza kosa liko wapi. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Kila duka lilikuwa na picha ya mkubwa ukutani, na watu walizoea kuangalia ni nani amesimama nyuma yao kabla ya kulalamikia hata barabara mbovu. Mimi nililijua hilo kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, bila kujua kwamba linanihusu. Jumamosi asubuhi, saa tatu hivi, alifika Barnaba, kijana wa chama aliyezunguka sokoni akikagua kadi za watu. Alisimama mbele ya ubao wetu. Wasomaji wengine waliondoka mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wameshatoa pesa mfukoni.

"Baba Jerop," akasema, "ni nani hawa wanangoja?"

"Ni nyimbo za kanisa tu, bwana. Ni Wakristo."

"Na siku yao ni gani? Mbona hamjaandika ni siku gani?"

Baba alishika taya lake.

"Nani ameandika hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Baba alikuwa amesema, "Ni mimi," kabla sauti yangu haijafika. Barnaba alimwangalia, akaangalia herufi, akacheka kidogo. "Wewe? Mwandiko safi hivi?" Kisha akaubeba ubao begani, maandishi yakiangalia nje ili yasifutike. "Jumatatu saa nne, ofisini. Kuja na hiyo sahani. Na utatuandikia tena hayo maneno, tuone kama ni wewe kweli."

Kwa hiyo tulikuwa na siku mbili. Nyumbani kwetu, mtaa wa Kimumu, Mama hakunigombeza, na hilo liliniogopesha kuliko kugombezwa. Jumapili kanisani watu walitusalimia kwa ncha za vidole. Baada ya ibada Baba aliketi mezani, akafungua daftari langu la hesabu kwa nyuma, akanipa kalamu, akaniambia, "Haya mwalimu, nifundishe kuandika kama wewe." Hapo ndipo nilipoelewa. Wakigundua kwamba si yeye, watauliza ni nani, na katika duka lile tulikuwa wawili tu. Mama alisimama mlangoni akichambua mahindi yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa, na kila mpita njia alipokaribia, yeye alikohoa, nasi tukafunika daftari kwa sahani ya ugali.

Sijawahi kufundisha mtu kwa woga namna ile. Nilimshika mkono wake mkubwa, nikauzungusha kwenye tumbo la "a", nikaupandisha kwenye shingo ya "k". Mistari ishirini, thelathini. Hii ni ya waliongoja, hii ni ya waliongoja. Nikimsahihisha nalia, naye anacheka ili nisilie, na taya linamuuma kwa kucheka. Kufikia saa kumi herufi zote zilikuwa zimetii isipokuwa "y". Mimi niliivuta mkia ukaenda kushoto na kujikunja. Yake iliteleza kulia, kila mara, kama mtu anayesahau njia ya nyumbani kwake. Na katika sentensi yangu "y" zilikuwa tatu. Mbili alizishinda kwa kwenda polepole, lakini ile ya "yao" ilimponyoka hata aliposhika pumzi. Mama alisema wataona. Baba akasema labda hawataona. Niliandika "yao" ukurasa mzima aende nao kitandani auangalie.

Jumatatu shuleni mwalimu alisoma imla nami sikuandika neno, maana nilihisi mwandiko wangu ni ushahidi. Nilifika dukani saa kumi nikakuta mlango umefungwa. Mzee Hassan aliniita ndani ya stoo yake, akanikalisha juu ya gunia la sukari, akanipa chai ya maziwa yenye iliki. "Kaa hapa, mama. Baba yako anakuja." Nilimuuliza amejuaje. Alisema kwa upole, "Sijui. Lakini nimemwambia dereva wangu asubuhi akae karibu na ile ofisi, aangalie kama kuna gari linatoka naye. Halijatoka." Ndiyo maneno yaliyonishikilia kwa saa nzima iliyofuata. Nilihesabu magunia, nikayahesabu tena. Nilimwahidi Mungu kwamba akimrudisha sitaandika kitu chochote maishani isipokuwa kazi ya shule.

Baba alirudi kwa miguu, akiwa hana ubao wala sahani. Aliketi juu ya gunia lililo karibu na langu, na ilibidi Mzee Hassan amshikie kikombe. Alitueleza kwamba walimpa karatasi, akaandika. Ofisa aliyekuwa nyuma ya meza aliiweka karatasi kando ya ubao akaangalia "yao" ya huku, akaangalia "yao" ya kule, akarudia. "Hapo nikasema kwaheri," Baba alisema. Halafu yule ofisa aliinua macho, akagonga jalada la sahani kwa kidole, na akauliza, "Hawa wamama, wanaimba vizuri?" Baba akamjibu, "Vizuri sana, mkubwa." "Basi iache hapa. Na kuanzia leo ubaoni ni jina na bei. Maneno mengine peleka kanisani." Jumatano ilifika, na mteja huyo hakuirudisha.

Tulicheka siku hiyo, lakini kitu kilikuwa kimekwisha. Ubao mpya uliandikwa jina na bei. Wakulima wa Moiben walisimama mbele yake, wakangoja kama kuna zaidi, wakaenda zao. Kona ya kushoto ilipungua, na baadaye kreti za injili na bluzi zikaacha kuja. Na Baba, kwa hofu kwamba siku moja watalinganisha tena, hakurudia mwandiko wake wa zamani kamwe. Risiti, barua, hata orodha ya vitu vya sokoni, vyote aliandika kwa mwandiko wangu. Nilipokwenda shule ya bweni, barua zake zilifika kana kwamba nimejiandikia mwenyewe. Nilikuwa nimempa mwandiko wangu kwa siku moja, akakaa nao maisha yake yote, na hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja. Nilitaka kumwomba msamaha. Niliahirisha mpaka akafa.

Ahadi yangu kwa Mungu sikuitimiza. Leo kazi yangu ni ile ile ya ubao. Nawaandikia wasomaji kuhusu sahani mpya na zilizorudi, sentensi moja kwa kila moja, nao wanaisoma kwenye simu zao. Hakuna anayebeba simu begani kwenda nayo ofisini. Vijana hupendekeza muziki mia kwa siku bila kupepesa jicho, na nawaonea wivu, kwa maana mimi kabla ya kutuma bado najiuliza nani atasoma na atasikia nini.

Mwezi uliopita nililetewa bahasha. Injili ya mama na binti zake wanne imetolewa tena, jalada ni lile lile, makofi na miguu safi zaidi kuliko tulivyowahi kuyasikia. Nilikwenda kwenye sanduku la vitu vya Baba kutafuta kama kuna chochote cha sahani ile. Kulikuwa na kadi, nyingi, kila sahani aliyobaki nayo ameiandikia sentensi yake na kuificha ndani ya jalada, mahali ambapo hakuna kijana wa chama angetia mkono. Moja ilikuwa peke yake, ya sahani isiyokuwepo. "Hii ni ya waliongoja siku nyingi na hawajachoka. Siku yao iko karibu." Nilidhani ni mwandiko wangu wa utotoni, mpaka nilipoona "y" ya "yao". Mkia ulikuwa umeteleza kulia. Kumbe aliiandika baadaye, katika miaka ile ile, kwa mkono ule ule, na hakupunguza hata neno.

Nilikaa sakafuni nikalia kama nilivyolia juu ya daftari la hesabu. Kisha nikachukua kadi mpya, kwa sababu sentensi zangu bado huanzia kwenye karatasi, nikaandika maneno yale yale kwa ajili yenu. Yanatosha, na mna siku mpaka Jumatano. Nilipomaliza niliangalia kazi yangu, kama ofisa yule, karatasi kando ya karatasi. Mkia wa "yao" ulikuwa umekwenda kulia, nami nikauacha hivyo.