Punda wa Tope, Noonkopir

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba kufinyanga maana yake ni kufinyanga vizuri. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na sikujua kwamba katika mchezo wetu kazi ya mfinyanzi ni moja tu: mwenzake aelewe haraka.

Nyinyi mliokulia Noonkopir, hapa Kitengela, miaka ile ya elfu mbili mnaijua likizo ya Desemba. Mvua imenyesha, viatu vimebeba tope jeusi zito kuliko mwenye viatu, stima imepotea, na harufu ya chapati za jirani inawafanya ghafla muwe watoto wenye salamu nyingi. Likizo moja shangazi yangu, aliyefanya kazi ya nyumba Nairobi, alituletea mchezo wa ubao ndani ya boksi. Waajiri wake walikuwa wanahama nchi.

"Ni ya watoto wote wa ploti," akasema. "Na nisisikie mtu akilia."

Tulicheza kwa timu. Ukitua kwenye rangi moja unachora, nyingine unajibu swali, nyingine unapanga herufi upate neno, nyingine unafinyanga kitu na mwenzako anakitaja. Maswali ya boksi yaliuliza habari za wafalme tusiowajua, kwa hivyo tukatunga yetu: ukitoka Kitengela kwenda Kajiado, unapita kwanza Isinya au Kisaju? Udongo wa boksi ulikuwa umekauka kama jiwe, lakini tope tulikuwa nalo la kugawia wilaya nzima.

Timu iliyoshinda ilikaa na boksi hadi Jumamosi iliyofuata. Timu yetu ilikuwa mimi na Mumo, rafiki yangu wa mlango wa pili. Wapinzani walikuwa Halima na kaka yake Abdi, ambao baba yao aliuza nguo sokoni. Kisha baba huyo akapata duka Illasit, kule mpakani na Tanzania, na ikajulikana kwamba wanahama Jumatatu. Mama Halima akaamua: mtacheza mara ya mwisho, na atakayeshinda achukue boksi kabisa. Nilishindwa kula. Mama akadhani nina malaria.

Jumamosi hiyo timu zote mbili zilifika mraba wa mwisho. Kadi iliyobaki ilikuwa ya kufinyanga, wote kwa pamoja. Mimi na Halima tukaisoma kimya: punda.

Nilianza na kwato. Nikapanda kwenye magoti. Nikalainisha mgongo kwa mate.

"Ni ng'ombe?" Mumo akauliza. Nikatikisa kichwa. "Mbuzi? Mbwa? Brathe, si uweke hata masikio!"

Masikio yalikuwa kwenye mpango, baada ya mkia.

Halima alipiga bonge moja la tope chini, kisha akabandika vidonge viwili, kimoja kila upande, kama mitungi.

"Punda!" Abdi akaruka juu. "Punda ya maji!"

Ploti nzima ikacheka. Mumo akainama kuangalia kazi yangu. "Yaani ulikuwa unatengeneza magoti?"

Mama akasema akiwa mlangoni, "Huyu angepewa kazi ya kuumba dunia, saa hii tungekuwa bado Jumanne."

Jumatatu boksi lilipanda pikapu juu ya magodoro na kwenda Illasit. Jioni Mumo akanitupia kipande cha katoni. "Chora ingine, fundi." Nilichora. Nilipomaliza kunyoosha miraba kwa rula, shule zilikuwa zimefunguliwa, na Mumo amehamia kwenye mpira.

Siku hizi pale tulipochezea pana fleti na uwanja wa matofali ya kabro, na watoto hawana tope hata la kupaka kidole. Wakibishana kuhusu Kisaju na Isinya, wanauliza simu, na ubishi unakufa kabla haujapata utamu. Sisi ubishi mmoja ulitutosha wiki. Wao pia hawajui raha ya kumtazama mwenzako usoni ukimsihi kwa macho aelewe bonge la tope.

Mimi sasa nachora mabango ya maduka, kazi niliyojifundisha mwenyewe, na bado napima kila herufi kwa rula. Lakini mteja namwonyesha mchoro ukiwa nusu, ingawa naona aibu, na akisema ameelewa, naacha.