Kilo Kumi na Tano za Wikitoria

Wikitoria aliendesha gari la posta kati ya miji ya Hokitika na Haast kwa miaka ishirini na saba, upande mmoja jabali, upande wa pili bahari inayonguruma, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaogopa. Mvua, maporomoko, malori ya magogo yanayokuja katikati ya njia kama barabara ni ya baba yao, vyote alivizoea. Alichoogopa ni ndege. Lakini binti yake Mereana alikuwa amepata leseni ya urubani wiki tatu zilizopita, na mama gani atakataa kuwa abiria wa kwanza wa mwanawe? Akakubali, na tangu siku hiyo chakula kikawa hakimshuki.

Asubuhi ile ya Septemba, kiwanjani, Mereana alitoa karatasi na penseli ya kujumlishia uzito wa abiria.

"Mama, una kilo ngapi?"

Aliuliza mbele za watu! Mafundi wawili walikuwa pale wakinywa chai, na Puti, mdogo wake Wikitoria, mwembamba mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa ameshataja zake: hamsini na sita.

"Sema basi, dada," Puti akachokoza. "Au tukakuazimie mizani ya ng'ombe?"

Mafundi wakacheka chinichini. Wikitoria akahisi uso unamwaka.

"Sabini na nane."

Zilikuwa tisini na tatu. Mereana akaandika bila kuinua macho.

Wakaruka kuelekea kusini wakifuata pwani. Kushoto theluji iliwaka juu ya milima, kulia mawimbi meupe yalivunjika ufukweni, na Puti kwenye kiti cha nyuma alipiga kelele kila alipoona sili wamejilaza mwambani. Wikitoria hakuona kitu. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na kila ndege iliposhuka kidogo katika upepo alijisemea moyoni kwamba ni zile kumi na tano zinazoivuta chini. Alitamani kusema. Kisha akamfikiria Puti na hicho kicheko chake, akanyamaza.

Walitua salama kwenye mchanga wa ghuba isiyo na barabara, alikopiga kambi binamu yao Hemi akivua vile visamaki vyeupe vya msimu, vidogo kama sindano. Akawakaangia na mayai. Wikitoria alikula kimoja, kwa adabu tu. Wakati wa kuondoka Hemi akaleta ndoo mbili zilizojaa.

"Mjomba, moja tu," Mereana akasema. Alikuwa amepiga goti, karatasi juu ya paja, akijumlisha. "Mchanga umelowa na maji yanapanda. Kwa ndoo moja tunanyanyuka kabla ya lile gogo. Kwa mbili hatufiki popote."

Wikitoria akalitazama gogo. Mti mzima, uliotupwa na bahari, umelala mwisho wa ufukwe kama ukuta. Akainua ndoo moja, akakisia kwa mkono wa mtu wa posta: kilo kumi na nne, kumi na tano. Ndoo ya pili alikuwa ameivaa mwenyewe tangu asubuhi.

Sema, akajiambia. Akafunga mkanda. Sema sasa. Injini ikanguruma.

Ndege ikaanza kukimbia. Magurudumu yalijikokota mchangani, maji yakaruka hadi kiooni, na lile gogo likawa linakua. Mereana aliuma midomo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Wikitoria akamwona alivyokuwa mdogo bado, alivyokuwa anaiamini karatasi yake.

"Simama!" akapiga yowe. "Mere, simama! Nimekudanganya!"

Mereana akazima injini, akakanyaga breki. Ndege ikayumba, ikapinda, ikasimama. Gogo lilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu konokono walioling'ang'ania.

"Ni tisini na tatu," Wikitoria akasema huku analia. "Si sabini na nane. Niliona haya, mwanangu. Niliona haya tu."

Mereana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi. Aliitazama karatasi yake. Kisha akasema, taratibu:

"Mwalimu wangu alinifundisha, abiria akitaja kilo zake, ongeza kumi. Watu wote wanadanganya. Mama mdogo nimemwongezea. Wewe sikukuongezea hata moja, Mama. Nilisema, mama yangu hawezi."

Nyuma, Puti akajifungua mkanda. Akafungua mlango, akaishusha ndoo kwenye mchanga. Akasita, kisha akashuka na mwenyewe.

"Mpeleke mama yako kwanza," akasema. "Mimi nitalala kwa Hemi, uje unichukue kesho."

Mereana akachukua karatasi, akafuta ile sabini na nane kwa kidole gumba mpaka karatasi ikachanika. Akamnyooshea mama yake penseli.

"Andika wewe."

Mkono uliosaini vifurushi vya watu miaka ishirini na saba ukaipokea penseli. Wikitoria akaandika tisini na tatu, akampa mwanawe, na Mereana akaisoma mara mbili kabla ya kuwasha injini.