Pingili Isiyopasuka

Mtaa mzima wa Bantama ulimjua Asamoah kwa mchi wake. Mkewe, Birago, aliuza fufu, chakula cha kutwanga, na kila siku wawili hao walikaa kinuni: Asamoah akitwanga mihogo na ndizi, Birago akigeuza donge kwa mkono uliolowa maji. Wateja waliomaliza kula walibaki kumtazama akitwanga.

Halafu siku moja, akishusha gunia la mihogo, kiuno kilimkaza akashindwa kunyooka. Zahanati walimwambia atapona baada ya wiki chache. Mwaka ukapita, naye bado alikuwa akiinuka kitandani kwa kushika ukuta.

Alikwenda kupigwa picha ya mgongo peke yake. Daktari akaiangalia, akasema, "Bwana, mgongo wako mzima. Sioni kitu."

Njia nzima Asamoah alijiuliza atasema nini nyumbani. Mwanamume wa makamo, hana ugonjwa, ila hatwangi! Birago alipomuuliza, alijibu akitazama pembeni, "Pingili moja ya uti wa mgongo imepasuka. Nisibebe kitu."

Birago akalia. Tangu hapo akawa anamchemshia maji ya kukanda kiuno, na kwenye supu anamwekea nyama nzuri. Asamoah alikuwa akiimeza bila kuionja.

Vibarua wa kutwanga walipokosekana, mama yake Birago, Maame Afriyie, akaja kutoka Mampong. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini akajifunga kitambaa kiunoni, akashika mchi. Asamoah akawa amekaa kwenye benchi.

"Asamoah!" mteja mmoja akapaza sauti. "Siku hizi unatwangiwa na mkweo? Kutafuniwa utaanza lini?"

Watu wakacheka. Maame Afriyie akasimamisha mchi. "Wewe, kula unyamaze! Mkwe wangu amepasuka pingili. Unajua maana yake?"

Kejeli angeivumilia. Kutetewa kule ndiko kulikomfanya aone uso unamuungua.

Baadaye Birago alisikia kuwa kwenye hospitali kubwa kuna madaktari wanaowachunguza watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Asamoah alitafuta visingizio, vikaisha. Akalazwa ndani ya mashine ya kupiga picha, si za mgongo bali za ubongo, na siku ya majibu Birago alikaa pembeni yake mbele ya Daktari Fosua.

"Na ile pingili iliyopasuka, daktari, imeunga?" Birago akauliza.

"Pingili gani, mama?"

Asamoah alitazama viatu vyake. "Hakuna pingili," akasema. "Waliniambia mgongo ni mzima. Nilidanganya."

Birago akamgeukia mumewe. Daktari akavuta kiti karibu.

"Mgongo ulipona, ni kweli. Na kuumwa anaumwa, nako ni kweli. Mtu akiumia leo, ubongo unayapokea maumivu kwenye sehemu zake za kawaida. Yakikaa sana, tunaona kwa wengi kazi inahamia zaidi sehemu za hofu na huzuni, na ile sehemu ya mbele inayosaidia kuyatuliza inadhoofika. Ubongo unaendelea kulinda kidonda kilichokwisha."

"Kwa hiyo mume wangu ana wazimu?"

"Hapana, mama. Hata wewe ukijikata kidole, maumivu unayasikia kwa ubongo. Na ubongo unaweza kubadilika tena. Atembee, ainame kidogo kidogo, aishinde ile hofu ya kuumia tena."

Nje ya lango Birago akasimama. "Mama yangu anatwanga mpaka mikono inachubuka."

"Ningekwambia hawakuona kitu, ungeniamini?"

"Sijui," Birago akasema, naye akainamisha uso.

Jioni ile Asamoah alimfuata mkwewe jikoni, akamweleza yote. Maame Afriyie aliendelea kumenya mihogo.

"Uchungu ulikuwa wa kweli, pingili ya uongo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia ule wa kweli. Ningekuja vilevile."

Asamoah akachukua kisu, akamenya naye.

Alianza kwa kutembea hadi sokoni, kisha kuinama, kisha kutwanga kidogo asubuhi na kupumzika. Maumivu yalipungua, kuna siku yalirudi, ila hayakumtisha kama zamani. Maame Afriyie alipoona mambo yanakwenda, akafunga mizigo. Asamoah alimsindikiza hadi stendi, amebeba mfuko wake. Gari lilipoanza kuondoka bado alikuwa akitafuta namna ya kumwomba radhi, na mkwewe, dirishani, alikuwa akimpungia mkono kama mtu asiyemdai chochote.