Kiti cha Baba na Laini ya Kenya

Asubuhi baba yangu, mzee Egesa, alipofariki, majirani walijaa sebuleni mpaka wengine wakasimama mlangoni.

Kiti kimoja tu kilibaki wazi. Chake.

Kikabaki hivyo mwaka mzima. Kwenye ukoo wetu, kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi wala hakisogezwi mpaka mtu wa tumbo moja naye akikalie kwanza. Aliyebaki wa tumbo hilo ni dada yake, shangazi yetu Benedeta wa kijiji cha Lumino, tunayemwita Senge. Na yeye tangu mazishi hakutaka hata kukiona.

Basi mimi, Jovia, nikapata kazi!

Kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya Nairobi, nikiwa nyumbani. Nilirukaruka jikoni mpaka sufuria ikaanguka.

Sharti moja: laini ya Kenya, isiyokatika. Jumatatu bosi angepiga kunijaribu. Ikikatika, kazi kwaheri.

Lakini sisi tuko Busia, mji wa mpakani, upande wa Uganda. Mimi na kaka yangu Bwire tukazunguka nyumba nzima, simu juu juu, tukitafuta mtandao wa Kenya. Chumbani, Uganda. Jikoni, Uganda. Chooni, Kenya kidogo.

"Ofisi ndiyo hiyo, dada!" Bwire akacheka. "Wateja watasikia vile unajikaza."

Kenya ilisimama imara mahali pamoja tu: kona ya dirishani, penye kiti cha baba.

Nikapanga ofisi kukizunguka. Meza mbele yake, taa, pazia zito la kuzuia jua. Mimi nikachuchumaa pembeni kama kuku anayetaga. Kufikia jioni mgongo ulikuwa unalia.

Bwire akampigia Senge, akamsihi aje akikalie kiti.

Jumatatu Senge akaingia, akatazama ile kona kwa muda mrefu.

"Hii ofisi iko mzuri," akasema. "Lakini mwenye ofisi nakaa chini kwa nini?"

"Tunakungoja wewe, Senge."

Akafuta macho kwa ncha ya leso. Akakaa, taratibu.

Akaegemea nyuma.

"Weee! Kumbe Egesa alikuwa natunyima raha namna hii?"

"Senge, inuka basi, bosi atapiga sasa hivi!"

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Akafumba macho. Simu ikalia. Nikapokea nikiwa nimepiga magoti. Na Senge akaanza kukoroma!

"Jovia, hiyo ni jenereta?" bosi akauliza.

Nikajua nimekwisha. "Hapana, bosi. Ni shangazi yangu. Anafungua ofisi."

Bosi akacheka mpaka akakohoa.

"Mwache alale. Kama namsikia mpaka anavyovuta pumzi, laini yako iko sawa. Anza kazi leo."

Jamani, msiba mkiugawana, hata nyumba inapumua. Na ukipanga ofisi, usiusahau mgongo.

Haya nayaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha baba. Ijumaa huwa sikikalii. Senge huja kulala.