Kopo la Tano

Nyuma ya mlango wa chumba cha Kabange kuna orodha iliyoandikwa kwa chaki: filamu kumi bora za dunia tangu sinema ianze. Ameifuta na kuiandika upya mara nyingi, lakini namba moja hajaigusa tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Pameandikwa tu "Filamu ya Benchi." Jina lake halisi hakulijua kamwe, kwa kuwa mwanzo wa utepe ulikuwa umekatika kabla haujafika Kamina, mji wake.

Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na minne, na filamu anazihukumu kama mtu wa reli. Ile ya majambazi wanaoteka treni, ambayo vijana wa kibanda cha kuchaji simu huisifu, aliiondoa siku ileile alipoiona.

"Treni ya tani mia nane isimame mu metre makumi tano?" aliwauliza. "Ule chauffeur alikuwa anaendesha kinga ya pedali?"

Ya karate ameipa nafasi ya tatu, kwa sababu shujaa anamwinamia mwalimu wake kabla ya kupigana naye. Moja ya mapenzi, iliyomliza marehemu mkewe Salomé, aliishusha hadi ya tisa: waombolezaji walifika makaburini na viatu visivyo na chembe ya vumbi. Na vijana wakimwonyesha kwenye simu orodha za wataalamu wa Ulaya, anacheka kwa pua.

"Hao bantu walichagua wakiwa mu viti vya sponji. Filamu unaiangaliaka wima. Ikikusahaulisha miguu, njo filamu."

Ya Benchi aliiangalia wima, mwaka wa sabini na tisa, katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa reli. Siku hizo filamu zilisafiri kwa treni kutoka Lubumbashi, zimegawanywa katika makopo ya bati, na Kabange, kijana wa ghala la mizigo, ndiye aliyeyabeba hadi klabuni. Hadithi ilikuwa ya nchi ya baridi. Kijana mwenye ndevu nyeusi anaondoka kutafuta kazi. Baba yake anakwenda kituoni kila siku, anakaa kwenye benchi, anangoja.

Jumamosi ile yalifika makopo manne. La tano halikuonekana, na ukumbi ulishajaa hadi madirishani. Kabange alirudi ghalani mbio, akapekua, akapata kopo moja lililoloa mvua, karatasi ya jina imebanduka. Akalileta. Treni ikaingia kituoni, kijana akashuka, akamkumbatia mzee aliyeonekana mgongo tu. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakarusha kofia. Kaumba peke yake, dereva wa treni, ndiye aliyenung'unika kwamba huyu kijana mbona hana ndevu.

"Juma mbili mu treni," walimpigia kelele, "hapate hata fasi ya kunyoa?"

Watu wa Kamina walizijua safari.

Miaka kumi na moja iliyopita, Xavier, mtoto pekee wa Kabange, alikwenda Malemba-Nkulu kununua samaki wakavu. Wiki hiyohiyo watu wenye silaha walichoma vijiji kwenye njia ile. Haukupatikana mwili, hata kiatu. Salomé alingoja miaka minne, moyo ukamchoka, akafa. Kabange akaendelea. Kila treni inapopiga honi kutoka upande wa Luena, alikopitia Xavier, anachukua fimbo yake na kwenda kukaa kwenye benchi la kituo. Abiria wanashuka na magunia na kuku. Yeye anaangalia nyuso mpaka uso wa mwisho.

Nyembo, dada yake mdogo amwitaye yaya, yaani kaka, amemwomba mara nyingi ruhusa ya kufanya matanga.

"Yaya, tulilie mutoto. Analala mu pori bila hata wimbo moja."

"Hatuliliake muntu mwenye iko mu njia."

"Nani alikuambia iko mu njia?"

Hapo Kabange huchukua fimbo yake na kutoka. Angemwambia nini? Kwamba aliona kwa macho yake baba aliyekaa mpaka treni ikamrudishia mwanawe?

Mwezi wa kumi na mbili Masengo, binti ya Nyembo, alirudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi. Aliingia kwa mjomba wake amekumbatia kompyuta kifuani.

"Mujomba, nimeipata. Benchi, koti, baridi, yote imo."

Alikuwa ameitafuta mwaka mzima, akiwasimulia walimu na wenzake. Aliangalia mwanzo tu, kuhakikisha. Mwisho alitaka auone pamoja naye.

Jumapili baada ya misa walikusanyika sebuleni kwa Nyembo. Kaumba alikuja amebeba kiti chake mwenyewe, kwa vile viti vya Nyembo, alisema, vilishamwangusha mara mbili.

"Si viti," Nyembo alimjibu. "Ni masahani ya bukari yangu unamalizaka."

Kabange alikataa kukaa. Alisimama nyuma yao, mkono kwenye fimbo, na filamu ilipoanza alikuwa akitangulia kusema kila kitu: sasa baba atafunga koti, sasa mbwa atapita. Hakukosea hata mara moja. Ilipofika mahali palipokuwa mwisho wa kopo la nne, alinyoosha kola ya shati.

"Sasa muangalie."

Treni ilitokea mbali. Ikakaribia, ikapita bila kusimama, madirisha yake yote meusi. Mzee alivua kofia, akaiweka kando yake. Asubuhi iliyofuata benchi lilikuwa na kofia tu, nayo ilifunikwa na barafu. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Masengo, uliruka fasi."

"Sikuruka, mujomba."

"Rudisha."

Alirudisha. Treni ikapita tena. Alirudisha mara ya pili, na kwa mara ya tatu treni haikusimama.

Kaumba hakucheka. "Ndevu," alisema polepole. "Nilisemaka." Kisha akageuka. "Kabange, lile kopo ulilitoaka wapi?"

Kabange alikaa. Aliliona tena lile kopo, juu ya rundo la makopo mengine yaliyokuwa yakingoja kupelekwa mbele, ya filamu nyingine kabisa. Alijua. Siku ile, alipoliinua, alijua kwa kitambo kifupi. Kisha vigelegele vilifunika kila kitu, naye aliviacha vifunike.

Kompyuta ilizimika. Nje, kutoka upande wa Luena, honi ya treni ililia.

Wote watatu walimtazama. Fimbo ilikuwa gotini kwake. Honi ililia mara ya pili, karibu zaidi, na mkono wake ukaifumbata ile fimbo, kisha ukaiachia.

"Nyembo."

"Yaya."

"Turubai ya parokia iko na nani?"

Nyembo aliteremka kutoka kitini hadi sakafuni, akafungua kitambaa cha kichwa, akatoa kilio alichokizuia miaka kumi na moja. Jirani wa kwanza alikuwa mlangoni kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Kaumba alishika kiti chake, akakitoa uani, mahali wanaume wangekaa.

Masengo alipiga magoti mbele ya mjomba wake. "Unisamehe. Ningeangalia mwisho kwanza."

Kabange alimwekea mkono kichwani. Kisha akatoa hukumu, kama mtu wa reli.

"Iko filamu nzuri," alisema. "Ile treni, namna inapita, njo vile inapitaka. Itabakia namba moja."