Wimbo wa Karai kwenye Mandolini

Mwezi uliopita nilienda kumchukua binti yangu kwenye ukumbi wa esteti, pale watoto wanapofunzwa kupiga mandolini, na kabla sijafika mlangoni nikasimama kusikiliza. Okestra nzima ilikuwa inapiga wimbo ambao nyanya yangu alikuwa akiniogeshea.

Usiniambie nimefananisha. Kama ulikulia Makongeni, kwenye nyumba za reli, unazijua zile asubuhi: karai uani, maji yaliyoota jua, harufu ya sabuni ya mche na vitunguu vya jirani vikiungua. Nyanya aliogesha watoto wa majirani wote, na kila mmoja alimtungia wimbo wake, jina lake ndani. Wako hakuimbiwa mwingine, hata alie vipi. Wangu ulianza polepole, ukapanda maji yakimwagwa kichwani, ukashuka na taulo. Niliogeshwa hivyo mpaka nikaanza shule.

Mwalimu wa okestra hiyo hiyo, kijana wakati huo, alikuwa akija kuketi kwenye ngazi yetu. Anaomba uji wa wimbi, anausifu, kesho amerudi. Sisi watoto tulidhani ni njaa. Nyanya alimtazama akiondoka, akasema, "Anayesifu uji hivyo ameshaiona sufuria." Nilicheka tu. Leo najiuliza: mbona alikuja saa ya kuogesha, na mbona vidole vyake vilikuwa vinagonga goti?

Basi niliingia. Binti yangu akanikimbilia. "Mathe, huu wimbo, mwalimu ameutunga mwenyewe."

"Mwalimu," nikasema, "huu wimbo umeutoa wapi?"

"Nimeutunga, mama. Kutungia okestra ni kazi, si kuokota."

"Ni wa nyanya yangu. Ulikuwa unaunywa pamoja na uji wake."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Haya, uimbe. Ukiumaliza, siku ya tamasha nitatangaza jina la nyanya yako, si langu."

Niliimba, na jina langu, mbele ya wote. Nikafika pale maji yanapomwagwa, nikakwama. Kichwani hamna kitu. Nyanya amezikwa magharibi, majirani wa zamani wametawanyika, na sina hata mmoja wa kumuuliza. Ndipo watoto wakapokea. Nyuzi zikatetemeka, zikapanda, zikashuka na taulo, bila kukosea popote.

"Umeona?" mwalimu akasema.

Nimeona, ndiyo. Hakuna ambaye angeweza kuujua vizuri hivyo bila kukaa kwenye ngazi yetu.

Siku hizi mtoto anaogea bafuni mlango umefungwa, na anayemwogesha ana simu mkononi. Hakuna anayemtungia mtu kitu. Nilitaka kumtoa binti yangu pale siku hiyo hiyo, lakini wimbo wangu mzima umebaki kwa yule mtu peke yake. Kwa hiyo kila Jumamosi nampeleka, naketi kiti cha nyuma, simsalimii mwalimu, na wakifika pale penye maji nafuata kwa midomo, kimya, mpaka nitakapoushika wote.